Redio Ikitaka Kubadili Muziki, Itutaarifu Mapema

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako nitoe maoni kuhusu vituo vidogo vya redio vinavyobadili aina ya muziki kwa matumaini ya kuvuta wasikilizaji wapya. Sipingi mabadiliko yenyewe, kwa kuwa redio ya biashara huishi kwa matangazo. Ninacholalamikia ni namna yanavyofanywa na sababu tunazopewa.

Kwa kawaida msikilizaji hapewi taarifa yoyote. Asubuhi anafungua redio kwenye masafa yale yale, anakuta sauti ya mtangazaji aliyemzoea haipo, wimbo mmoja unarudiwa kwa saa kadhaa, na katikati yake sauti iliyorekodiwa inaahidi mambo makubwa. Kesho yake zilipendwa zimekwisha, zimeingia nyimbo zinazovuma, na tunaambiwa kwamba wasikilizaji ndio waliotaka. Wasikilizaji gani hao? Mara nyingine tatizo huwa umri wa wanaosikiliza, wala si uchache wao. Nchini Marekani, kwa mfano, kampuni nyingi zinazonunua matangazo hulenga watu wa miaka 25 hadi 54, hivyo kituo kinachopendwa na waliovuka umri huo huweza kuwa na hadhira kubwa na bado kikakosa fedha. Sababu hiyo inaeleweka, na ingekuwa heshima zaidi kuitaja waziwazi kuliko kutusingizia.

Pupa nayo ina gharama zake. Tarehe 3 Juni 2005, kituo cha WCBS-FM cha New York, kilichokuwa kikipiga zilipendwa tangu mwaka 1972, kiliziacha ghafla, kikawaondoa watangazaji wake hewani na kuanza kupiga mchanganyiko wa nyimbo za miongo mbalimbali kwa jina la Jack. Wasikilizaji wa zamani walihama, wapya hawakufika kwa wingi uliotarajiwa, na Julai 2007 kituo kikarudi kwenye muziki wake wa awali, safari hii kikiegemea zaidi zilipendwa zisizo za kale sana. Hatua hiyo ya mwisho, yaani kusogeza muziki taratibu, ingeweza kuchukuliwa tangu mwanzo bila kumfukuza mtu.

Najua watakaonijibu kwamba kurudia nyimbo chache zinazopendwa kuliisaidia sana redio pale televisheni ilipoingia majumbani, kama mmiliki wa redio Todd Storz alivyofanya katika kituo chake cha KOWH cha Omaha, Marekani, miaka ya 1950. Ni kweli, lakini wakati ule msikilizaji hakuwa na simu inayompa wimbo wowote autakao dakika yoyote. Leo kituo kidogo hakiwezi kushindana na simu kwa wingi wa nyimbo. Kinachoweza kuizidi ni mtangazaji anayejua wimbo ulirekodiwa lini, nani alipiga gitaa, na kwa nini msikilizaji fulani huuomba kila Jumapili. Naye, ajabu ni kwamba, ndiye anayeondolewa wa kwanza.

Kwa hiyo nawaomba wamiliki wa vituo watangaze mabadiliko angalau mwezi mmoja kabla, wawaruhusu watangazaji kuaga hewani, na wabakize walau saa mbili za mwisho wa juma kwa muziki wa zamani, hasa usiku, wakati ambao kampuni nyingi hazigombanii kutangaza.

Wako,
Msikilizaji wa siku nyingi