Barua ya nyumbani kutoka Quinhagak

Quinhagak, Alaska
22 Novemba 2025

Baba na Mama, shikamooni.

Mimi ni mzima, kazi ya kufundisha inaendelea vizuri na nguo za baridi zinatosha, kwa hiyo Mama asihangaike. Baba aliuliza Wamoravian wa huku ni watu wa namna gani. Nimekaa nao, nimewasikiliza, sasa nijibu.

Kijiji kipo ufukweni, pale mto Kanektok unapoingia katika ghuba ya Kuskokwim, upande wa Bahari ya Bering. Watu ni 700 na kitu, karibu wote Wayup'ik, wenyeji wa asili wa huku. Barabara ya kuja hapa haipo. Tunapanda ndege ndogo kutoka mji wa Bethel, na bei za dukani zinatisha. Lakini chakula chenyewe hasa ni samaki aina ya samoni, sili (mnyama wa baharini) na matunda ya porini. Mama, kiangazi ungekaa kutwa ukimtazama bibi wa jirani akipasua samoni kwa uluaq, kisu cha wanawake chenye umbo la nusu mwezi. Anaondoa kichwa, anateremsha kisu upande huu wa uti wa mgongo, kisha upande ule, na minofu miwili inabaki imeshikana mkiani ili aitundike juu ya mti. Inapigwa upepo kwanza, halafu ndipo inaingia kwenye moshi.

Sasa kanisa. Wamisionari wetu walianza Bethel mwaka 1885, wakajenga hapa Quinhagak 1893. Kwetu Rungwe walifika 1891! Basi babu zetu na babu zao walihubiriwa miaka ile ile. Ninapoamka na kusoma neno la siku, mstari wa Biblia ambao Wamoravian wote husoma siku hiyo, ninyi huko ni jioni, na mstari ni huo huo alioufungua Baba asubuhi. Hilo limenitia nguvu siku nyingi. Kuna pia habari za Uyaquq, mwinjilisti wa Kiyup'ik ambaye hakujua kusoma Kiingereza. Mwanzoni mwa karne ya 20 alibuni maandishi yake mwenyewe. Alianza kwa kuchora picha za kumkumbusha mistari ya Biblia, na ndani ya miaka michache tu akafikia alama za silabi za lugha yake. Ninamwonea fahari kama ndugu.

Ila Baba, kuna jambo linaniuma, na wewe ni mzee wa kanisa, nakuambia wazi. Wamisionari waliziita ngoma na vinyago vya watu hawa kazi ya shetani, wakavikomesha. Kisha mwaka 1900 surua na mafua makali yakaua watu wengi mno katika bonde la Kuskokwim, na waliozijua nyimbo wakaenda nazo. Hapa ngoma ilinyamaza muda mrefu sana, kiasi kwamba watoto walikua bila kuisikia.

Iliyoirudisha ni ardhi. Karibu na kijiji pana mahali panaitwa Nunalleq, palipokuwa na kijiji cha zamani kilichochomwa moto vitani katika karne ya 17. Wazee husimulia kwamba vita hivyo vilianzia kwenye mchezo wa vishale. Mtoto alimtoboa mwenzake jicho kwa bahati mbaya, na baba wa aliyeumia akalipiza kwa kuyatoa macho yote mawili ya yule aliyerusha. Mwaka 2009, kwa kuwa bahari ilikuwa inaumega ufukwe, wenyeji walishirikiana na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Aberdeen kuanza kuchimba. Wakakuta nyumba zilizoungua na ncha za mishale, kama wazee walivyosema. Barafu ya ardhini ilikuwa imehifadhi hata mbao, vikapu vya nyasi na nywele za watu. Vitu vilivyopatikana ni kama 100,000, na tangu 2018 vinatunzwa hapa hapa kijijini. Nimeona wanasesere wadogo wa mbao, wengine wakitabasamu, wengine midomo imeshuka. Nimeona uluaq ambayo mpini wake ukiutazama hivi ni sili, ukiugeuza ni nyangumi. Baada ya vinyago kuanza kutoka udongoni, vijana walianza tena kucheza ngoma.

Halafu Oktoba hii ikaja dhoruba, masalia ya kimbunga Halong. Vijiji vya Kipnuk na Kwigillingok viliharibika vibaya, na watu wake wengi wakapelekwa Anchorage kwa ndege. Sisi tulinusurika, lakini Nunalleq ilimegwa sana na vitu vikatapakaa ufukweni. Watu walitoka kuviokota kimoja kimoja. Vingi vimekwenda na maji, na hakuna atakayevirudisha.

Kwa hiyo nina ombi. Bibi aliwahi kuniambia kwamba mama yake alipobatizwa aliacha nyimbo fulani za mavuno na za harusi, na kwamba yeye alizisikia kwa kujificha. Sikumuuliza zaidi. Tusa akae naye na simu, arekodi kila anachokumbuka, hata kipande tu, na aseme kila wimbo uliimbwa lini na nani aliitikia. Baba, usimkataze, na kama wewe mwenyewe unaujua hata mmoja, uimbe.

Fedha ya mbolea ya chai nimetuma jana, iangalieni. Nisalimieni Bibi na majirani wote. Ndaga fijo, asanteni sana.

Mwanenu,
Atupele