Kwako Mwanaidi

Rafiki yangu mpenzi,

Salamu nyingi, na wazee nyumbani nisalimie. Umeniuliza kwa nini nimezama katika riwaya za Algeria, tena zile za Kiarabu, ilhali sifa nyingi wamepata wenzao wanaoandika Kifaransa.

Mwanaidi, Wafaransa waliikalia nchi ile tangu 1830 hadi 1962, na mwaka 1938 walitoa amri ya kukihesabu Kiarabu kuwa lugha ya kigeni, huko huko kwa wenyewe! Si ajabu basi kwamba riwaya ambayo wahakiki wengi huiona kuwa ya kwanza kukomaa kwa Kiarabu, Rih al-Janub ya Abdelhamid Benhedouga, ilitoka mwaka 1971. Humo yumo Nafisa, mwanafunzi wa Algiers aliyerudi kijijini likizo. Baba yake ana mashamba, anaogopa yasije yakagawiwa wakulima, kwa hiyo anataka kumwoza binti kwa meya. Nafisa anatoroka, anaumwa na nyoka porini, na anayemwokoa ni mchungaji. Iliniuma sana kuona uhuru umefika, bendera inapepea, na bado msichana anatolewa kama hongo.

Lakini aliyeninyima usingizi ni Tahar Ouettar, na al-Zilzal yake ya 1974. Wakati huo serikali ilikuwa imeshaanza kugawa ardhi. Sheikh Boularwah, kabaila asiye na mtoto, anafunga safari hadi Constantine, ule mji wa madaraja marefu juu ya korongo, kuwasaka jamaa aliokuwa akiwadharau ili aandikishe ardhi kwa majina yao. Anaukuta mji umejaa watu wa mashamba, na jamaa zake si wale aliowaacha. Mdomoni mwake mna aya tupu, moyoni anaomba tetemeko la ardhi liwafukie maskini wote, mpaka akili inamruka. Ouettar hatuhubirii. Anatutia ndani ya kichwa cha dhalimu, tukawaone fukara kwa jicho linalowachukia, na ndipo tunapowapenda. Kwangu mimi huo ni ujasiri kuliko riwaya kumi za kusifu vita vya ukombozi.

Hii ya pili ipo kwa Kiingereza pia, kama Kiarabu chako kimepata kutu. Ianze hiyo kabla ya Benhedouga, kisha uniandikie: je, ulimhurumia Boularwah hata kidogo? Mimi nilimhurumia, na ningependa tubishane.

Wako akupendaye,
Zuhura