Barua kwa mwanangu: kuandika maisha ya babu mkubwa anayesemwa kuwa alifia Burma

Dar es Salaam

Mwanangu mpenzi,

Hamjambo huko Kilosa? Wasalimie wazee wote, na shangazi mpe shikamoo yangu.

Nimefurahi sana kusikia kwamba ukoo umekukabidhi kazi ya kuandika maisha ya babu mkubwa ili yasomwe siku ya kuweka kibao chake. Ninataka kazi hii ifanyike vizuri, maana askari wetu waliokufa katika vita vya wakoloni wengi wao wamebaki idadi tu. Hapa mjini Sanamu ya Askari, iliyozinduliwa mwaka 1927, inawakumbuka askari na wapagazi wa vita ya kwanza ya dunia bila kutaja jina hata moja. Mwaka 1968 makaburi 660 yalihamishwa kutoka Ocean Road kupisha barabara mpya, yakapelekwa kwenye Makaburi ya Vita ya njia ya Bagamoyo. Viwanja vya Waafrika na Wahindi vilikuwa vimewekewa alama za pamoja, kwa hiyo mabaki yao yalizikwa tena kwa pamoja. Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, CWGC, ilitoa ripoti ikikiri kwamba wafu wa vita ile wasiopungua 116,000, pengine hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Babu mkubwa ni wa vita ya pili, ambayo kumbukumbu zake ni bora zaidi. Anaweza kupatikana.

Usianze na jina, anza na namba yake ya jeshi. Karani wa kuandikisha aliandika alichosikia: Mrisho akawa Mlisho, Ramadhani akawa Ramazani, Salehe akapoteza herufi ya mwisho, na "bin" ama likaachwa ama likaunganishwa na jina. Tena Waingereza walitaka jina la ukoo, watu wetu wakatoa jina la baba. Mtu aliyeitwa Juma bin Salehe unaweza kumkuta chini ya Salehe, chini ya Juma, au majina yote mawili yamefanywa moja. Namba haina lafudhi. Itafute kwenye sanduku la shangazi: kitabu cha mshahara, bahasha iliyoleta medali, barua ya kutangaza kifo, stakabadhi za fedha zilizokuwa zikitumwa nyumbani. Inakili pamoja na herufi zote zinazoitangulia hata kama huzielewi, kwa sababu askari wawili wa vikosi tofauti wanaweza kuwa na tarakimu zilezile.

Medali usiitegemee kwa jina. Nyota za vita ya pili Uingereza ilizitoa bila kuchonga jina la mtu, kwa hiyo nyota peke yake haithibitishi ilikuwa ya nani. Utepe wake ndio unaosema alikokuwa. Wa Nyota ya Burma una bluu nzito pande zote mbili, nyekundu katikati, na mstari mwembamba wa rangi ya chungwa katikati ya kila bluu. Mtu yeyote asiisugue kwa majivu wala ndimu kabla ya sherehe. Kusugua kunakwangua maandishi, na medali haitarudi ilivyokuwa. Ipige picha mchana, kivulini, bila taa ya simu, mbele na nyuma, na rula pembeni.

Ile picha yake amevaa kofia pana, itazame begani kwa kioo cha kukuzia. Kiraka chenye kichwa cha kifaru ni cha Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyopigana Burma, yaani Myanmar ya leo. Ukikiona, umeshapunguza nusu ya kazi. Picha usiitoe kwenye fremu kwa kuivuta kama imegandamana na kioo, piga hapohapo kwa kuinamisha simu kidogo ili mwanga usirudi.

Sasa kikosi. Wazee watakwambia "alikuwa Keya", yaani KAR, King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki, na kuishia hapo, nawe uulize Keya ya ngapi. Batalioni za Tanganyika zilitoka katika ile ya 6, ndiyo maana namba zake huishia na 6: ya 26 na ya 36 zilikwenda Burma na Divisheni ya 11. Kwa Uganda ni 4, kama ya 34 na ya 44. Lakini usiifanye sheria kwa kila mtu, maana batalioni ya 11 ilikuwa ya Kenya, na wengi wa Tanganyika walitumikia mizinga, usafirishaji, hospitali na vikosi vya kazi, ambavyo si Keya hata kidogo ingawa nyumbani wote waliitwa hivyo.

Ukishapata kikosi na tarehe, vipime pamoja. Hapa ndipo watu wengi wanapoharibu, kwa kumchukua askari wa kwanza mwenye jina linalofanana. Batalioni ya 1/6, yaani ya kwanza kutoka katika ile ya 6, ilikuwa Ethiopia mwaka 1941, ikapigana Colito tarehe 19 Mei, kisha ikaenda Madagaska mwaka 1942. Batalioni za Divisheni ya 11 ziliteremka Bonde la Kabaw kuanzia Agosti 1944, mvua za masika ya kule zikiwa zimepamba moto, zikafika Kalewa kwenye mto Chindwin mwanzoni mwa Desemba. Kama ndugu wanasema "alizama baharini", uliza kama alikuwa wa mizinga: meli ya Khedive Ismail ilitoka Mombasa kwenda Colombo, ikapigwa na nyambizi ya Japani tarehe 12 Februari 1944 karibu na Maldives, ikazama ndani ya dakika chache na watu 1,297. Miongoni mwao walikuwa askari wengi wa kikosi cha mizinga cha 301 cha Afrika Mashariki. Askari wa Divisheni ya 11 anayeandikwa amefia Burma mwaka 1942 si wa divisheni hiyo, au tarehe imekosewa.

Kutafuta kwenye tovuti ya CWGC ni bure. Weka namba kwanza. Isipotoa kitu, chagua vita ya pili na jeshi, halafu jaribu kila tahajia, pamoja na L na R kubadilishana. Rekodi itakupa cheo, kikosi, tarehe na mahali pa kumbukumbu, na wakati mwingine majina ya wazazi au mke na kijiji. Hayo ya mwisho ndiyo yatakayokuthibitishia kuwa ni wetu. Waliofia Burma bila kaburi kujulikana wako kwenye Rangoon Memorial, nguzo za kumbukumbu zilizo ndani ya makaburi ya Taukkyan, kaskazini ya Yangon, zenye majina karibu 27,000. Andika na namba ya uso wa nguzo, yaani upande uliochongwa jina lake. Bila hiyo anayekwenda kule hatalipata jina.

Rekodi hiyo haisemi alikufaje. Kwa hiyo usiandike "aliuawa na risasi za Mjapani" kwa sababu inapendeza kusikika. Kabaw iliua kwa malaria na kwa homa iletwayo na utitiri wa vichakani, na aliyekufa kwa homa akiwa kazini ni askari aliyekufa vitani sawasawa na mwingine. Shajara za vita za batalioni zipo Nyaraka za Taifa za Uingereza, Kew, kundi WO 172, ila humo maofisa hutajwa kwa majina na askari kwa hesabu. Tarehe na mahali utapata.

Mimi nitakwenda Nyaraka za Taifa pale Upanga, mtaa wa Vijibweni, niombe majalada ya Wilaya ya Kilosa na ya Jimbo la Mashariki ya miaka 1940 hadi 1947. Habari za vifo na fedha za marehemu zilipitia kwa DC, mkuu wa wilaya wa serikali ya kikoloni.

Kazi yako kubwa huko ni maisha yake kabla ya kuondoka. Hapo nakuomba ukae na wazee kwa utulivu. Usiwaulize mwaka, uliza alikuwa akifanya kazi reli au mkonge, mke alikuwa ameshaolewa, mtoto gani alikuwa tumboni, alikwenda kwa hiari au alipelekwa na jumbe. Muulize kila mzee peke yake, kwa sababu wakikaa pamoja watakubaliana na aliye mkubwa. Wakitofautiana, andika kauli zote na majina ya waliozisema. Nusu ya maandishi yako iwe huko Kilosa.

Kibao kisichongwe kabla hatujapata namba. Ikionekana hayumo kabisa, CWGC wanapokea maombi: wanahitaji ushahidi kwamba alikuwa jeshini na kwamba alikufa kati ya 3 Septemba 1939 na 31 Desemba 1947. Kwa hiyo hata bahasha tupu yenye muhuri nitumie picha yake, pande zote mbili.

Baba yako