Barua ya wazi kwa Waziri wa Uchumi wa Buluu: anemoni wetu wajulikane kwanza, leseni za kuwabandua baadaye

Kwa Mheshimiwa Waziri,
Nairobi.

KUH: ANEMONI WA MWAMBA WA MOMBASA

Mheshimiwa,

Nakuandikia kutoka Nyali, ambako kwa miaka mingi nimekuwa nikiwapeleka wageni mwambani kwa mashua ya kioo. Watoto wakimwona yule samaki mdogo wa rangi ya machungwa akijificha katikati ya mikono ya anemoni, yule mnyama laini wa baharini anayeshikamana na mwamba mfano wa ua, hushangilia mpaka mashua inayumba. Leo nakuomba umtazame mwenye nyumba, si mpangaji.

Mikono ya anemoni huchoma, lakini samaki huyu ana ute unaomkinga. Yeye huwafukuza wanaotaka kumla mwenyeji wake, na uchafu wake hulisha vimwani vinavyoishi ndani ya mwili wa anemoni. Mayai hutagwa pembeni mwa shina lake, na dume huyapepea usiku na mchana. Samaki wa jamii hii ni karibu aina 30. Anemoni wanaowapokea, kwa hesabu iliyozoeleka, ni aina 10 tu, kuanzia Bahari ya Shamu na pwani yetu hadi visiwa vya Pasifiki. Atlantiki hawako kabisa.

Hesabu hiyo ya 10 ni ya macho. Vinasaba vinasema jingine: Entacmaea quadricolor, anemoni mwenye ncha za mikono zilizovimba kama chupa, amebainika kuwa na zaidi ya nasaba moja chini ya jina hilo hilo. Basi tukiambiwa "yuko pia Indonesia, hawezi kuisha", mimi siridhiki. Yuko nani? Amphiprion allardi, samaki wetu wa mistari miwili, makao yake ni pwani hii ya Afrika, kutoka Kenya hadi Durban. Huyo akikosa nyumba hapa, Indonesia haitamsaidia.

Kuna jambo zito zaidi. Anemoni wengine hujigawa: mmoja hupasuka wakawa wawili, wawili wakawa wanne. Ukizamia ukakuta 20 wamejazana penye mwamba mmoja, huenda wote ni mwili mmoja uliojirudia, wenye vinasaba vilevile. Joto likija kama lile la mwaka 1998 lililoyaua matumbawe yetu, ugonjwa wa mmoja ni wa wote. Ndiyo maana kuhesabu vichwa hakutoshi.

Miaka michache iliyopita, nje ya mipaka ya hifadhi, niliwakuta vijana wakimbandua anemoni mkubwa kwa kisu ili auzwe kwa wafugaji wa samaki wa mapambo ng'ambo. Sikuwalaumu sana, wana watoto wa kulisha. Lakini niliporudi kesho yake, samaki wawili walikuwa wakizunguka mahali palipokuwa nyumba yao. Siku ya tatu hawakuwapo. Nimepita hapo misimu ya kusi na kaskazi, mpaka leo pako wazi.

Matumbawe magumu yanalindwa na mkataba wa CITES katika biashara ya kimataifa. Anemoni hawamo. Kwa hiyo ulinzi wao ni sisi wenyewe, Mheshimiwa, na ni saini yako.

Naomba KMFRI, taasisi ya serikali ya utafiti wa bahari na uvuvi, ambao wako hapa hapa Mkomani, wapewe fedha za kuchukua vipande vya mikono ya anemoni kutoka Kiunga hadi Vanga na kupima vinasaba vyao. Kipande kidogo hakimuui. Hadi majibu yapatikane, leseni za kuwabandua anemoni zisimamishwe, na vijana wanaoishi kwa kazi hiyo wawe wa kwanza kuajiriwa kuwasaidia watafiti, maana hakuna anayejua zaidi yao kila anemoni alipo.

Mashua yangu iko tayari. Bamvua ikifika na maji yakatoka, nitawapeleka watafiti bila malipo.

Wako mwaminifu,
Nahodha wa mashua ya kioo,
Nyali, Mombasa.