YAH: Malalamiko kuhusu tyubu za LED mlizoniuzia kwa ajili ya tanki la matumbawe

Kwa Meneja Mauzo,

Habari za kazi. Mimi ni mteja wenu wa hapa Dar, nilinunua duka lenu la Kariakoo tyubu 6 za LED za futi nne, zile boksi lake limeandikwa "kwa akwaria za maji chumvi na matumbawe, toa ya zamani chomeka hii, wati 18 sawa na T5 ya wati 54". Risiti ninayo, picha za boksi nimeambatanisha. Nimeshapiga simu nimeshaandika wasap, kila anayepokea ananiambia nisubiri fundi wenu na huyo fundi sijamwona, kwa hiyo naandika barua ili iwepo kwenye kumbukumbu.

Tuanze na hilo la kuchomeka tu. Fremu yangu ni ya T5, yaani zile tyubu nyembamba za zamani za floresenti zenye gesi na zebaki ndani, ina choki za elektroniki (kifaa cha kuwasha tyubu na kuizuia isivute umeme kupita kiasi), na choki ya aina hiyo haitoi umeme wa kawaida wa ukutani, inatoa umeme wa masafa ya juu wa kuwasha gesi iliyomo ndani ya tyubu. Tyubu zenu zinataka volti 230 moja kwa moja. Hilo nimelijua kwa fundi wangu sio kwenu, maana ya kwanza tulivyoichomeka ilipepesa, ikatoa harufu ya kuungua, ikazima, na choki nayo ikafa. Kwenye boksi hakuna mchoro wala sentensi moja ya kuelezea. Nilipouliza, kijana wenu akajibu "toa choki unga dairekti", basi, kaishia hapo. Waya wa moto na wa nyutro vinaingia upande mmoja au kila upande na wake? Kama ni upande mmoja na pini za holda zimeunganishwa kwa ndani, hiyo ni shoti papo hapo. Kama ni pande zote mbili, mtu akishaingiza ncha moja huku swichi haijazimwa, pini za ncha ya pili zinaweza kuwa na umeme na yeye kazishika mkononi, na kumbukeni huyo mtu kainama juu ya tanki la maji ya chumvi mikono imelowa. Jamani, mtu anaweza kufa! Na fremu ikishatolewa choki, siku mwingine akaja akachomeka tyubu ya zamani humo hakuna tena cha kuzuia umeme, inaweza kupasuka, ndo maana inatakiwa stika ya onyo ibandikwe kwenye fremu. Kwenye boksi lenu stika hamna.

Halafu holda za taa za akwaria zina mpira wa kuziba mvuke, umepimwa kwa tyubu ya T5 ambayo unene wake ni milimita 16. Kofia za tyubu zenu ni nene zaidi, mpira haupiti, tumelazimika kuziacha wazi na chumvi imeshaanza kula pini.

Sasa nije kwenye mwanga wenyewe, maana hapa ndipo nimeumia zaidi. Ndani ya nyama ya tumbawe kuna mwani mdogo sana usioonekana kwa macho, huo ndio unatumia mwanga kutengeneza chakula na kumlisha mwenyeji wake, na mwanga unaoutaka zaidi ni wa bluu, kuanzia nanomita 420 mpaka 460 hivi, kwa sababu baharini ukishuka chini nyekundu inamezwa na maji inabaki bluu. Nyie mmenadi kwa lumeni. Lumeni ni hesabu ya jicho la binadamu, ambalo linaona vizuri zaidi kijani, wala haimwambii mfugaji wa matumbawe chochote cha maana, na hata kwa hizo hizo lumeni T5 ya wati 54 inatoa zaidi ya 4,000 wakati boksi lenu limeandika 2,000. Usawa uko wapi? Nimeazima kwa mwenzangu anayefuga mita ya PAR, yaani ya kupima mwanga ambao mwani na mimea wanaweza kuutumia kutengeneza chakula, pale pale kwenye jiwe palipokuwa panasoma karibu 200 kwa T5, kwa tyubu zenu panasoma 60. Matumbawe yangu ya aina ya Acropora yaliyokuwa zambarau yamegeuka kahawia yote, moja nyama inabanduka kuanzia chini, na yale ya aina ya Euphyllia hayafunguki tena kama zamani. Na matumbawe magumu yako kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, yanasafirishwa kwa vibali, sio kitu cha kusema kesho naenda kununua lingine.

Silalamiki kuhusu LED zenyewe, LED nzuri zipo na zinalea matumbawe vizuri kabisa. Na sote tunakoelekea ni huko, Ulaya walishasitisha kuingiza sokoni T5 na T8 (tyubu nene zaidi ya T5) za taa za kawaida Agosti 2023, na mwaka huo huo nchi za Mkataba wa Minamata, ule wa kupunguza zebaki duniani, zilikubaliana tyubu za floresenti za taa za kawaida ziache kutengenezwa na kuingizwa nchini ifikapo mwisho wa 2027, kwa hiyo watakaokuja dukani kwenu kubadilisha ni wengi na wengine watawasha bila fundi.

Ninachotaka ni mnirudishie hela ya tyubu zote 6 pamoja na gharama ya choki iliyoungua. Pia muondoe maneno ya matumbawe na ya kuchomeka kwenye hilo boksi mpaka mtakapoweka mchoro wa kuunga waya, stika ya onyo na kipimo cha PAR, na muwapigie simu wateja wengine mliowauzia muwaambie wazime umeme kabla ya kugusa hizo tyubu, hilo la simu lifanyike leo kabla ya hela yangu. Nasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 14, nisipolipata napeleka risiti, picha na tyubu iliyoungua Tume ya Ushindani na TBS (Shirika la Viwango Tanzania).

Wenu mteja,
Dar es Salaam