Barua ya wazi kwa Mkuu wa Msafara wa Uingereza katika Eurovision

Ndugu Mkuu wa Msafara,
BBC, London.

YAH: SIFURI ZA WATAZAMAJI, 2024 NA 2025

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Katika Eurovision, shindano la nyimbo la nchi za Ulaya, mwaka 2024 mwakilishi wenu Olly Alexander alipewa pointi 46 na majaji, na watazamaji wakampa sifuri. Mwaka 2025 Remember Monday wakapata 88 za majaji na sifuri ileile ya watazamaji. Kila yanapotoka matokeo ya namna hii, lawama hutupiwa siasa na majirani wanaobebana. Lakini majirani walikuwa walewale mwaka 2022, Sam Ryder aliposhika nafasi ya pili kwa pointi 466, na 183 kati ya hizo zilitoka kwa watazamaji. Mwaka mmoja kabla yake James Newman alikuwa amepata sifuri pande zote mbili.

Tunaona chanzo kiko kwenye hesabu. Majaji wa kila nchi, na watazamaji wake kivyao, huzipa pointi nyimbo kumi tu: 12, 10, kisha 8 kushuka hadi 1. Fainali ya 2025 ilikuwa na nyimbo 26. Wimbo unaoshika nafasi ya kumi na moja kila mahali hauambulii kitu, ilhali wimbo unaoburuta mkia katika nchi thelathini lakini ukaongoza katika tano unaondoka na 60. Nanyi mmekuwa mkichagua nyimbo zisizomkera mtu, ambazo ndizo hasa za nafasi ya kumi na moja. Kanuni za 2026 zinazidi kubana: mtazamaji ana kura 10 badala ya 20, hivyo hana za kugawia wimbo ambao “si mbaya”.

Isitoshe, Uingereza haichujwi. Kwa kuwa ni miongoni mwa wachangiaji wakubwa wa fedha, inaingia fainali moja kwa moja. Nchi nyingine wimbo wao dhaifu hukwama nusu fainali; wenu hupita hadi Jumamosi ya fainali. Chujio inabidi mlitengeneze wenyewe.

Tunapendekeza hivi. Chukueni nyimbo nane zilizobaki mezani, zichanganyeni na nyingine nane za nchi mbalimbali za miaka iliyopita, mziweke mbele ya wasikilizaji wa nchi zisizopungua tano nje ya Uingereza. Kila wimbo usikike mara moja tu, kama usiku wenyewe. Baada ya saa nzima, kila msikilizaji ataje nyimbo tatu anazozikumbuka, kwa mpangilio. Kwa kila wimbo, hesabuni waliouweka nafasi ya kwanza, na wastani muuache kabisa, kwa sababu wastani huupandisha ule wa kumi na moja. Sweden haioni aibu kuwauliza wageni: katika fainali ya Melodifestivalen, shindano lake la kuchagua wimbo wa Eurovision, nusu ya pointi hutolewa na majaji wa nje.

Wapo watakaodai urudi mchujo wa televisheni, ambao watazamaji wa nyumbani huchagua wimbo. Ulikuwepo mwaka 2016 hadi 2019, na nafasi zilizopatikana ni 24, 15, 24 na 26. Mchujo hauwezi kumtoa mshindi aliye bora kuliko nyimbo zilizoingia, na watunzi wenye majina huogopa kushindwa hadharani nyumbani.

Sauti ipimwe kabla ya mkataba kusainiwa. Tangu 2021 waitikiaji wanaruhusiwa kuwa kwenye kanda, lakini mwimbaji mkuu lazima aimbe moja kwa moja. Basi aimbe wimbo mzima mara tatu mfululizo, huku akitembea na kucheza kama atakavyofanya jukwaani, akiwa na vipokea sauti masikioni, na arekodiwe bila mwangwi wowote. Mara ya tatu ndiyo itakayosema kweli. Akikatika pumzi kwenye noti za juu, shusheni ufunguo wa wimbo, yaani kimo cha sauti zake, nusu toni mwezi Januari. Kanda ya mwisho hukabidhiwa Machi, na Mei, mwezi wa shindano, hakuna la kufanya. Jemini, wawakilishi wenu, walitoka Riga mwaka 2003 na sifuri wakiwa nje ya ufunguo, wakieleza kwamba hawakuusikia muziki vizuri.

Kuna jambo jingine ambalo hata waandishi wa habari hulisahau: majaji hupiga kura kwa onyesho la mazoezi la Ijumaa usiku. Mahojiano yote ya Ijumaa yafutwe. Mwimbaji anayejitunza kwa ajili ya Jumamosi ameshapoteza nusu ya pointi.

Kuhusu mapambo ya jukwaani, kumbukeni kwamba muda wa kuyaingiza na kuyaondoa ni chini ya dakika moja, na mtazamaji huona kile tu kamera inachomwonyesha. Ndani ya sekunde kumi za mwanzo awe ameuona uso wa mwimbaji.

Tunaomba majibu ya maswali mawili, na yatolewe hadharani: nani hasa huketi kwenye kikao cha kuchagua wimbo, na wangapi kati yao wanaishi nje ya Uingereza?

Ni sisi,
Wafuatiliaji wa Eurovision