Barua ya wazi: Mheshimiwa, bango lina namba, namba haina mtu

Kwako Mheshimiwa Mkurugenzi mwenye dhamana ya fukwe na viumbe wa baharini,

Salamu na heshima zote. Najua una kazi nyingi, nami si mwandishi wa barua za namna hii. Ila Jumapili iliyopita nilipiga magoti kwenye mchanga kwa zaidi ya saa 4 nikimlowesha pomboo, huku mume wangu akipiga namba mliyoiandika kwa rangi nyekundu kwenye bango lenu. Mara 19. Iliita vizuri sana, hongereni. Haikupokelewa.

Tulikwenda kuogelea tu, sisi na watoto watatu. Wa katikati ndiye aliyemwona, akadhani ni mtumbwi uliopinduka. Ilikuwa bamvua, maji yamekupwa mbali, na mnyama amelala ubavu kwenye kidimbwi kisichofika hata kifundo cha mguu. Anahema. Wapo waliosema kelele za boti zimempoteza. Mimi niliona alama kama ya kamba karibu na mkia, kwa hiyo naegemea kwenye nyavu, ingawa huenda alikuwa mgonjwa tu. Mngekuja mngetuambia.

Bango linasema ukiona mnyama amekwama usimguse, piga simu. Basi. Ndani ya robo saa watu walishajaa. Kijana mmoja, mwenye roho nzuri kabisa, alikuja na ndoo akammwagia kichwani, juu ya tundu la pumzi. Pomboo si samaki. Anavuta hewa kwa mapafu kama wewe na mimi, na maji yakiingia pale ni kumzamisha nchi kavu. Wanaume wanne wakashika mkia wamburute. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka, maana uti wa mgongo unaishia mkiani, ukivutwa vibaya unaumia. Mwingine alitaka kumpandisha mtoto mgongoni apigwe picha. Huyo nimwache.

Tulifanya tulichoweza. Tulimgeuza alalie tumbo, tukachimba vishimo chini ya mapezi ya ubavuni yasikandamizwe, tukamfunika mataulo yaliyoloa tukaacha tundu wazi, mwavuli juu, kwa kuwa ngozi yake huungua na jua na lile tabaka la mafuta chini yake hulizuia joto lisitoke. Hata uzito wake mwenyewe, uliozoea kubebwa na maji, ulikuwa unamlemea mapafu. Haya yote mume wangu aliyasoma kwenye simu ileile, kati ya kuwapigia na kuwapigia tena. Mgongo wangu mpaka leo haunyooki na mdogo ameungua mabega, lakini hayo hayakuhusu, najua.

Maji yalirudi pale tulipo saa 8:30 mchana. Pomboo alikuwa ameacha kuhema kama dakika 20 kabla.

Jumatatu saa 3 asubuhi simu ikaita. "Tumeona ulitupigia jana, una shida gani?" Nikamweleza yule binti. Akaniuliza, kwa upole kweli, kama mnyama bado yupo.

Mheshimiwa, siku ya kuzindua bango ulisimama ufukwe uleule. Nilikuwepo, nilikupigia makofi. Ulisema kikosi kitakuwa tayari saa 24. Sikukusikia ukisema "isipokuwa Jumapili". Labda upepo ulikuwa mkali.

Nilipoanza kuandika nilikuwa na madai mengi: kikosi, gari, machela, semina kwa walinzi wa ufukwe. Nimeyafuta. Naomba mtu mmoja akae na simu siku za mapumziko, maana ndizo siku tunazokwenda baharini. Hata akishindwa kuja, aseme tu: msivute mkia, msimwage maji kwenye tundu, ondoeni watu, ondoeni mbwa. Mtu mmoja, Mheshimiwa, na simu yenye chaji.

Mwanangu wa katikati ameikariri namba yenu. Anataka kuipiga mwenyewe Jumapili hii, aone. Nimemruhusu. Tafadhali, apokelewe.

Wako mtiifu,
Mama wa watoto watatu